Ziwa Lililotoka Baharini

Jumamosi asubuhi stesheni ya Hongqiao, Shanghai, hufurika watu. Wengi wana mkoba mdogo tu mgongoni, maana wanakwenda Hangzhou na kesho wanarudi. Treni ya mwendokasi huimaliza safari hiyo ya kilomita zipatazo 160 kwa saa moja au pungufu. Kazi ya mwanadamu hiyo, na si haba. Lakini wote waliomo wanakimbilia kazi ya Mwingine.

Ziwa la Magharibi la Hangzhou, ambalo wenyeji huliita Xi Hu, zamani lilikuwa ghuba ya bahari. Tope la Mto Qiantang na michanga ya mawimbi vilijikusanya mlangoni, karne hata karne, mpaka ghuba ikafungika. Vijito vya milimani vikaendelea kumimina, na maji ya chumvi yakageuka matamu. Leo milima imelizunguka pande tatu, na upande wa mashariki ndio mji. Kina chake kwa wastani ni mita mbili na kidogo tu.

Ziwa la kina kifupi namna hiyo likiachwa hugeuka kinamasi. Mwaka 1089 gavana Su Dongpo, aliyekuwa pia mshairi, alilikuta limesongwa na magugu. Akaamuru magugu na tope vizolewe, na kwa tope lile likajengwa tuta la karibu kilomita tatu lenye madaraja sita. Tuta lipo, na watu wanapita juu yake hadi leo. Mimi naamini Muumba hukabidhi. Hapa Alikabidhi, na wakapatikana wa kupokea.

Pembeni mwa maji, wakati wa kiangazi, mayungiyungi ya lotasi huchanua. Hapo ndipo mtu anapaswa kuinama. Dondosha tone la maji juu ya jani: halienei wala halilowanishi. Hujiviringa likawa shanga safi, likateleza na kuondoka na vumbi lote. Siri yake ni vinundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vilivyopakwa nta. Na ua lenyewe lina joto lake! Hewa ikishuka hadi nyuzi 10, ndani ya ua hubaki nyuzi 30 na zaidi, wadudu wanaolichavusha wakapata malazi. Mbegu zake nazo zimewahi kufukuliwa katika ziwa lililokauka kaskazini-mashariki mwa China, moja ikakadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,200. Ilipotiwa maji, iliota. Nani aliyeuhifadhi uhai ule gizani muda wote huo, kama si Yeye aliyeuumba?

Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, anasimulia katika kitabu chake cha safari kwamba alifika pia katika mji huu wa Hangzhou, akiuita Khansa, na kwamba hakuwahi kuona mji mkubwa kuliko huo duniani. Msikiti wa kale wa Fenghuang ungali umesimama mjini humo.

Ndugu msomaji, ukijaaliwa kwenda, nenda Julai, na ufike ziwani jua linapochomoza. Mayungiyungi hufunguka mapema, na ifikapo adhuhuri mengi huwa yamekwisha kujifunga.