Mchezo wa Ruleti na Amri ya Saba

Mkatekumeni anayejifunza amri ya saba huweza kuulizwa na wenzake swali lisilojibiwa upesi. Mtu ameweka fedha yake mchezoni kwa hiari. Mwenzake naye ameweka yake. Hakuna aliyedanganya wala aliyetishwa. Mmoja akashinda, akachukua zote. Je, ameiba? Na kama hakuiba, kwa nini mke wa yule aliyeshindwa analia nyumbani kama mtu aliyeibiwa?

Ili swali hilo lipimwe sawasawa, yafaa kuchukua mchezo mmoja ambao sheria zake zote ni wazi, usio na karata za kuficha mkononi, tena usioshindwa kwa nguvu wala kwa akili. Mchezo huo ni ruleti. Jina lake ni la Kifaransa, maana yake gurudumu dogo. Nao ulikuwa ukichezwa Paris tangu karne ya 18. Siku hizi huchezwa katika nyumba za michezo ya fedha ziitwazo kasino.

Vitu vyake ni viwili: gurudumu na meza. Gurudumu limelazwa ndani ya bakuli pana la mti, nalo huzunguka juu ya mhimili wake. Pembeni mwake mna vijumba 37, kila kimoja na nambari yake, tangu 0 hadi 36. Vijumba 18 ni vyekundu, 18 ni vyeusi, na kile cha 0 ni cha kijani. Juu ya meza imetandikwa nguo yenye kuandikwa nambari zile zile. Mchezaji hutoa fedha yake kwanza, akapewa vibao vidogo vya mviringo vyenye rangi. Hilo nalo si jambo dogo, kwa maana mkono huachilia kibao upesi kuliko unavyoachilia noti. Vibao hivyo huviweka mezani juu ya nambari moja, au juu ya kundi la nambari 12, au juu ya rangi nyekundu au nyeusi, au juu ya nambari zinazogawanyika kwa mbili au zile zisizogawanyika. Mchezeshaji huzungusha gurudumu upande huu, akarusha kigololi cheupe upande wa pili. Kigololi kikikaribia kushuka, hutangaza kwamba hakuna ruhusa ya kuweka tena. Kigololi huruka mara mbili tatu, kikatulia katika kijumba kimoja, na mambo yamekwisha.

Wengine wamejumlisha nambari zote za gurudumu, wakapata 666, hesabu ile iliyoandikwa katika kitabu cha Ufunuo, wakaliita gurudumu la Shetani. Hofu hiyo ni ya bure. Mwenye kuzipa nyumba za kijiji nambari tangu 1 hadi 36, kisha akazijumlisha, atapata 666 vilevile, na kijiji hakina kosa lolote. Kama kuna ubaya, utafutwe mahali pengine.

Utafutwe kwanza katika malipo. Aliyeweka franka 100 juu ya nambari moja, nambari hiyo ikatokea, hulipwa mara 35, yaani franka 3,500, na zile 100 zake hurudishiwa. Hupokea basi 3,600. Asikiaye hayo huona kwamba ni ukarimu mkubwa. Lakini tuseme mtu mmoja ameamua asikose kamwe: ameweka franka 100 juu ya kila nambari, zote 37. Ametoa 3,700. Kigololi kitue popote, lazima ashinde, naye atapokea 3,600. Ameshinda, na amepoteza franka 100. Akirudia hivyo mara kumi atashinda mara kumi, na franka 1,000 zitakuwa zimekwenda. Wala wenye kuweka juu ya rangi hawaepuki jambo hilo, kwa maana vijumba vyekundu ni 18 katika 37, si nusu kamili. Kile kijumba kimoja cha kijani ndicho shamba la mwenye nyumba. Sifuri ikitokea, waliochagua nyekundu hupoteza pamoja na waliochagua nyeusi, ingawa katika nyumba kadhaa hurudishiwa nusu.

Fungu hilo huonekana dogo: katika kila franka 100 zinazowekwa, mwenye nyumba hujipatia karibu 2 na senti 70. Lakini fedha ile ile huwekwa tena na tena. Mtu aliyeingia na franka 10,000, akaweka 1,000 kila mara, na gurudumu likazungushwa mara 200, ameweka kwa jumla franka 200,000. Fungu la nyumba katika hizo ni zaidi ya 5,400. Pengine bahati itampa zaidi usiku huo, pengine itamnyang'anya zote kabla ya kufika nusu. Walakini gurudumu huvuta upande huo siku zote. Marekani, mahali pengi gurudumu lina sifuri mbili, na fungu la nyumba ni karibu mara mbili ya hilo.

Mfaransa mmoja, François Blanc, aliyafahamu hayo kuliko watu wengi. Yeye na ndugu yake Louis walikuwa na nyumba ya michezo huko Homburg katika Ujerumani. Nao, katika miaka ya 1840, waliondoa sifuri ya pili, wakapunguza kwa hiari fungu lao wenyewe. Wachezaji wakawakimbilia, wakawaacha wengine. Mwaka 1863 Blanc alikabidhiwa nyumba ya michezo ya Monako, nchi ndogo sana iliyo kando ya bahari, iliyozungukwa na Ufaransa, na wakati ule maskini. Mapato yakawa mengi hata mwaka 1869 mtawala wa nchi, Charles III, akawaondolea raia wake kodi walizokuwa wakimlipa moja kwa moja. Jambo moja zaidi lastahili kuangaliwa: raia wa Monako hawaruhusiwi na sheria yao kucheza katika kasino ya Monte Carlo. Nchi iliyojua vizuri kuliko zote faida ya gurudumu iliwafungia watoto wake mlango.

Asidhani mkatekumeni kwamba hayo ni mambo ya Ulaya peke yake. Katika miji ya Kongo watu huweka fedha juu ya mechi za mpira, na simu ya mkononi huweza kuleta gurudumu lenyewe, lililochorwa tu, hata kijijini. Ndiyo maana swali la mwanzo halina budi kujibiwa.

Katekisimu ya Eklezia Katolika, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba michezo ya bahati haivunji haki kwa yenyewe. Huwa haramu inapomnyima mtu kile anachohitaji kwa riziki yake au ya wale wanaomtegemea. Tangu zamani walimu wa maadili walitaka masharti ya namna hii: fedha inayowekwa iwe mali ya kweli ya huyo anayeiweka, acheze kwa hiari, pasiwe na udanganyifu, na wachezaji wawe na usawa wa kutosha. Tukiipima ruleti kwa masharti hayo, hukumu yake si nzito kama wengi wanavyotazamia. Kulazimishwa hakuna. Kama gurudumu ni zima, udanganyifu hakuna. Usawa kamili haupo, kweli, lakini fungu la mwenye nyumba lajulikana kwa kila anayetaka kuhesabu. Mwenye mtumbwi naye huchukua nauli, na hakuna amwitaye mwizi. Tajiri anayetoa akiba yake kidogo ili ajiburudishe usiku mmoja amenunua burudani. Pengine ni burudani ya kipumbavu, lakini hakumwibia mtu.

Kikwazo ni lile sharti la kwanza, ambalo watu hulipita haraka. Fedha ile ni ya nani? Mtu ameuza gunia la mahindi sokoni. Mkewe alipalilia shamba lile akiwa na mtoto mgongoni. Watoto walikaa juani siku nyingi wakifukuza ndege. Mbegu ilitoka kwa baba yake mzee, ambaye sasa anangoja dawa. Basi mtu huyo akiishika ile noti na kusema, "Ni fedha yangu, niache niitumie nipendavyo," je, amesema kweli? Sehemu ndogo ni yake. Iliyobaki iko mkononi mwake kama amana. Akiiweka mezani ameweka mali ya watu ambao hawakuulizwa, na ambao, kama wangeulizwa, wangekataa.

Wengine watajibu: "Lakini kama akishinda? Akarudi na fedha mara mbili, mke akafurahi, mzee akapata dawa?" Jibu ni hili. Mtu akichukua usiku mtumbwi wa jirani yake bila ruhusa, akavuka ziwa lenye dhoruba, akarudi asubuhi na samaki wengi, hata akampa jirani nusu yake, mtumbwi ulichukuliwa bila ruhusa vilevile. Samaki hawakubadili jambo lililofanyika usiku. Kadhalika kosa la mwenye gunia lilikamilika pale alipoachilia kibao, kabla ya gurudumu kuzunguka. Kigololi huamua hasara tu. Kwa hiyo mke anayelia hakukosea. Ameibiwa kweli, ila mwizi hatafutwi ng'ambo ya meza.

Na yule aliyeshinda je? Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliandika kwamba mtu aliyeshinda mchezoni mali ya wale wasio na uwezo wa kuitoa, kama watoto na wenye wazimu, yampasa kuirudisha. Na vivyo hivyo aliyemvuta mwenzake achezee fedha kwa tamaa, kisha akamshinda kwa hila. Mwenye kucheza karata chini ya mwembe na jirani yake, akijua wazi kwamba jirani huyo ameweka chakula cha watoto, asijifariji upesi kwa kusema kwamba hakudanganya.

Lipo neno jingine, nalo lahusu akili kuliko mfuko. Tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, kigololi kilitua katika rangi nyeusi mara 26 kwa kufuatana. Husimuliwa kwamba, kadiri nyeusi ilivyorudi, watu walizidi kusukumana kuweka juu ya nyekundu, wakisema kwamba nyekundu haiwezi kuchelewa zaidi, nao wakapoteza fedha nyingi mno. Waliona kwamba gurudumu lina deni nao. Lakini gurudumu halikumbuki. Mara ya 27 nyekundu ilikuwa na vijumba 18 katika 37, kama ilivyokuwa mara ya kwanza. Wako pia wanaoongeza maradufu kila wanaposhindwa, ili ushindi mmoja urudishe vyote: 100, kisha 200, kisha 400. Mtu wa namna hiyo akishindwa mara kumi mfululizo ametoa franka 102,300, na mara ya kumi na moja yampasa kuweka 102,400. Akishinda, faida yake yote ni franka 100.

Anayefikiri hivyo huanza kwa kusema na gurudumu, kisha hutafuta hirizi ya bahati kwa mganga, na hapo amekwisha kutoka katika amri ya saba akaingia katika ile ya kwanza. Mwingine, aliye mwangalifu zaidi, huomba kwa Mungu ashinde. Bila shaka Mungu ajua kigololi kitatua wapi, kwa maana hakuna kilichofichika mbele yake; ila kujua si kuahidi. Mitume walipiga kura kati ya Yusufu Barsaba na Matia, wakimwomba Mungu aonyeshe ni nani wa kushika kazi ya Yuda. Askari nao walipiga kura chini ya msalaba, ili mmoja wao apate kanzu ya Bwana Yezu. Mitume walitafuta mtumishi. Askari waligawana mali ya mtu aliyekuwa akifa mbele yao. Mwenye kuomba ashinde mezani yafaa ajiulize yuko pamoja na akina nani.

Katika watakatifu wa Eklezia yuko mmoja aliyeyajua haya yote kwa mwili wake. Kamilo wa Lellis alizaliwa mwaka 1550 huko Bucchianico, Italia, mwana wa askari, naye akawa askari. Alikuwa na kidonda cha mguu kisichopona, akaenda kutibiwa na kutumika katika hospitali ya San Giacomo, Roma. Wakamfukuza kwa ajili ya karata na ugomvi. Mwaka 1574, huko Napoli, alicheza hata akapoteza vyote alivyokuwa navyo. Akafika Manfredonia akiombaomba, akapata kazi ya kibarua kwa Wakapuchini waliokuwa wakijenga. Tarehe 2 Februari 1575 alimgeukia Mungu. Alitaka kuwa mtawa wao, lakini kidonda kilimzuia, ikambidi arudi San Giacomo. Baadaye alianzisha shirika la kuwahudumia wagonjwa, ambao watawa wake huvaa msalaba mwekundu kifuani. Akafariki tarehe 14 Julai 1614, na mwaka 1746 akatangazwa mtakatifu. Lakini kabla ya hayo, hospitali ile iliyomtoa nje kwa ajili ya karata ilimpokea tena, ikamtazama akiosha wagonjwa, kisha ikamkabidhi usimamizi wa nyumba yote.