Robo Inchi

Vipande tisa vya kitenge vimepangwa mezani, vitatu kwa vitatu, kila kimoja inchi 10 kwa inchi 10. Mtoto wa shule atapiga hesabu haraka: upande wa mraba huo utakuwa inchi 30. Fundi habishani naye. Anashona, anapiga pasi, kisha anatandaza tepu: 29. Kila mshono umekula robo inchi upande huu na robo inchi upande ule. Na mraba huo ukija kuungwa na wenzake, kingo zake za nje nazo zitaliwa, ibaki 28 na nusu. Anayetaka 30 kamili hukata vipande vya inchi 10 na nusu, yaani hukubali hasara kabla mkasi haujagusa kitambaa.

Mfarishi unahitajika Mudende, juu ya Gisenyi, wilayani Rubavu nchini Rwanda, chini ya mlima Karisimbi: nchi ya viazi, ng'ombe wa maziwa na usiku wa baridi ambao blanketi moja halitoshi. Huku chini mjini, hatua chache kutoka Goma, vitenge huuzwa kwa pisi, na chini ya cherehani hubaki mabaki yasiyotosha hata mkono wa blauzi. Ni kwa mabaki ya namna hiyo mfarishi wa viraka huweza kutengenezwa popote ulimwenguni.

Kwa Mswahili, kiraka ni aibu iliyofunikwa. Hushonewa juu ya tundu ili nguo ifanane na ilivyokuwa. Kikionekana sana, fundi ameshindwa. Kwenye mfarishi hakuna tundu, wala hapakuwa na nguo ya mwanzo inayosubiri kurudishwa. Kitambaa ni kilekile, uzi uleule, hata neno ni lilelile, lakini kazi ya kwanza ni ya kutibu na ya pili ni ya kuzaa.

Mpaka kati ya kazi hizo mbili umewahi kuvukwa mchana kweupe. Sudan, katika miaka ya 1880, wafuasi wa kiongozi wa dini aliyejiita Mahdi walivaa jiba, kanzu zenye viraka, kuonyesha ufukara wa wacha Mungu. Muda ukapita, viraka vikaanza kupangwa kwa ulinganifu na kushonewa juu ya kitambaa kipya kisicho na tundu hata moja. Ng'ambo ya bahari, jimboni Karnataka nchini India, wanawake wa Kisidi, wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, hushona kwa mkono mfarishi uitwao kawandi. Huanzia pembeni, wakazunguka kuelekea katikati. Kwenye pembe huongeza vitambaa vilivyokunjwa pembetatu, phula, maana yake maua; bila hayo, husemwa kawandi iko uchi. Nguo nayo iko uchi! Imefika pande zote, inamfunika mtu gubigubi, na bado haijawa nzima.

Neno hilo, -zima, ndilo linalosumbua. Kitenge kizima hakijakatwa. Mgonjwa aliyepona ni mzima. Aliyekomaa ni mtu mzima. Kinyarwanda nacho huita uhai na afya ubuzima. Katika lugha zote mbili, kukamilika na kuwa hai ni mambo ya ukoo mmoja. Basi mfarishi ni mzima kwa maana ipi, ikiwa ndani yake hakuna hata kipande kimoja ambacho hakikukatwa?

Padri Alexis Kagame, mwanafalsafa wa Rwanda aliyefariki mwaka 1981, alichapisha mwaka 1956 kitabu kilichotafuta falsafa ya kuwapo ndani ya sarufi ya Kinyarwanda. Vyote vilivyopo alivigawa mafungu manne: umuntu, chenye akili, ikintu, kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, na ukuntu, namna. Wako waliomlaumu kwamba alichukua sarufi akaivika joho la falsafa. Lawama hiyo ina uzito wake, ila mezani pa fundi mafungu yale yanafaa. Kitenge ni ikintu. Uzi ni ikintu. Mshono je? Ufumue uone: mkononi unabaki na uzi na vipande tisa, mshono huuoni. Mshono ni ukuntu. Uzima wa mfarishi unakaa humo, katika namna vipande vilivyoshikana, ndiyo maana unaweza kupotea wote bila kitambaa kupungua hata chembe.

Mudende hairuhusu wazo hilo libaki mezani. Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika ya Kati kilianzishwa hapo mwaka 1984. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yalikifikia, na baadaye chuo kikafunguliwa upya Kigali. Kisha Mudende ikawa na kambi ya Watutsi waliokimbia kutoka Kongo. Ilishambuliwa Agosti 1997, ikashambuliwa tena Desemba. Mamia waliuawa. Walionusurika walihamishiwa Gihembe, Byumba.

Baada ya hapo kusema taifa ni mfarishi ni rahisi, rahisi mno. Kipande cha kitenge hakiulizwi kama kinamtaka jirani kiliyepangiwa. Tena mfarishi una fundi aliyesimama nje yake. Watu hawana mtu wa kusimama nje, wao ndio kitambaa na wao ndio sindano. Katika gacaca, mahakama za kijamii zilizosikiliza kesi za mauaji hayo ya kimbari na kufungwa mwaka 2012, waamuzi walikuwa majirani wa washtakiwa na wa wafiwa, na jinsi kazi hiyo ilivyofanyika inabishaniwa mpaka leo.

Kinachosalia cha ulinganisho huo ni robo inchi. Wanaobishana kuhusu umoja hudhani kipande ama kitabaki kama kilivyokuwa, ama kitayeyuka. Kitambaa hutoa ukingo, basi. Ukingo huo upo, umeingia nyuma tu. Fundi bahili akiupunguza sana, mshono hufumuka mara ya kwanza shuka ikivutwa.

Upande wa nyuma wa mraba ule wa vipande tisa unaonyesha yote: mistari minne ya mishono, kingo za safu ya kwanza zimelazwa kwa pasi kulia, za safu ya pili kushoto, ili zinapokutana zikae sawa zisifanye uvimbe. Bitana ikishashonewa, hakuna atakayeyaona hayo. Anayelala chini yake, akipitisha kidole gizani, atahisi matuta membamba, na mahali palipo panene zaidi ni pale pembe nne zinapokutana.