Yoga na Afya: Lipi Hutangulia, Mwili au Mwenendo?

Ndugu msomaji, tangu mwaka 2015, tarehe 21 Juni huadhimishwa kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, kwa azimio la Umoja wa Mataifa la Desemba 2014. Wengi huona watu wakikunja na kunyosha viungo, wakadhani yoga ni hayo tu. Basi mkulima wa Ngorongo, katika bonde la Rufiji, ana haki ya kuuliza: “Mimi huinama shambani tangu alfajiri hata magharibi, yoga yanifaa nini?”

Jibu limo katika mafundisho ya asili yenyewe. Patanjali, mtaalamu wa Kihindi wa zamani ambaye kitabu cha Yoga Sutra hunasibishwa naye, ameigawa njia hiyo katika hatua nane. Mikao ya mwili ni hatua ya tatu, na kutawala pumzi ni ya nne. Je, ya kwanza ni ipi? Ni kujiepusha na mambo matano: kudhuru, uongo, wizi, kufuata matamanio ya mwili, na tamaa ya kulimbikiza mali. Ya pili ni kuilea nafsi kwa usafi, kuridhika, kujinyima, kusoma na kujitoa kwa Mungu. Nne zilizobakia ni za kuzituliza hisi na fikra.

Hata asiyekubali itikadi za Kihindu aweza kuupima mpango huu kwa akili. Mfikirie mtu aliye dunguni usiku akilinda mpunga wake. Kumetulia, na pumzi yake imetulia. Mara asikia nguruwe wameingia shamba la jirani aliyelala. Akinyamaza kwa kuwa lake limesalimika, utulivu huo una thamani gani? Akipiga kelele, ataikosa raha ya usingizi, lakini amekwisha kanyaga daraja ya kwanza.

Hatusemi kwamba mazoezi hayana faida. Uchunguzi wa kitabibu umeonyesha kuwa yaweza kupunguza kiasi maumivu sugu ya kiuno. Lakini mgongo ulionyoka waweza kubeba mali ya wizi vilevile kama ubebavyo mzigo wa mgonjwa. Afya ni chombo. Mwenendo ndio nahodha.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujauliza mwili wako wakunjika kiasi gani, jiulize: jirani yangu yu salama nami?