Kabla ya Kumwandika Mtoro

Mvua ikinyesha Kagongwa, Kahama, watu hufurahi. Mpunga unapata maji, wenye mashine za kukoboa wanaanza kupiga hesabu za msimu. Lakini yuko mwanachuo ambaye mvua ikikolea juu ya bati la darasa, mikono inamtetemeka na kuandika hawezi tena. Anatoka bila kuomba ruhusa. Mkufunzi anaandika: mtoro, hana nidhamu.

Wakufunzi wenzangu, tuhesabu miaka kwanza. Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe na upepo mkali viliipiga Mwakata, hapa hapa Kahama. Kuta ziliwaangukia watu, na zaidi ya 40 walikufa. Mtoto wa darasa la pili au la tatu aliyetolewa kwenye kifusi usiku ule, sasa ana umri wa kukaa mbele yetu akisomea uuguzi au ualimu. Misaada ilikuja. Sijui nani alimuuliza mtoto yule kama analala.

Madaktari wa akili wa Marekani waliliingiza tatizo hili la hofu inayobaki baada ya janga kwenye mwongozo wao wa magonjwa mwaka 1980, baada ya kuwaona askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam. Ni kiwewe kisichoondoka. Hatari imepita, ila mwili haujapata habari hiyo: usingizi wa vipande, majinamizi, moyo kwenda mbio, ukurasa mmoja kusomwa mara nne bila kuingia kichwani. Huku kwetu majibu ni mepesi. Karogwa. Ana mapepo. Anavuta bangi.

Na si mvua tu. Oktoba 2015 wachimbaji walifukiwa mgodini Nyangalata. Watano walitolewa hai baada ya siku 41. Mwenzao mmoja alifia chini. Ukanda huu wote, hadi Geita, umejaa maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, na vijana hushuka humo kutafuta ada. Aliyewahi kusikia udongo ukiporomoka nyuma yake, mweke kwenye chumba kilichojaa watu, chenye mlango mmoja, kisha umeme ukatike. Halafu mwambie asikilize somo.

Wenzetu wa Kenya wanalijua hili kwa uchungu. Aprili 2, 2015, magaidi waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, 142 kati yao wanafunzi. Walionusurika walipelekwa Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi, waendelee na masomo. Novemba, Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi kilifanya zoezi la usalama lenye milio ya risasi. Wakidhani ni shambulio la kweli, watu waliruka kutoka ghorofani, na mfanyakazi mmoja akafariki. Kama habari za Garissa pekee ziliweza kuwatia watu hofu ya namna hiyo, aliyekuwa ndani ya mabweni yale anaketije darasani?

Ninachoomba hakihitaji bajeti. Mwanafunzi mwenye kiwewe apewe kiti karibu na mlango, na ruhusa ya kutoka bila kujieleza mbele ya wenzake. Mtihani ukimkuta katika hali hiyo, apangiwe siku nyingine. Asilazimishwe kusimulia yaliyompata. Siku akitaka, atasema. Na mlezi wa wanafunzi atakayemsikiliza asiwe mjumbe wa kamati ya nidhamu, maana hakuna kijana atakayefungua moyo kwa mtu anayeweza kumfukuza chuo wiki ijayo.