Kanisa Kugeuzwa Ghala

Parokia ikipata kanisa jipya, la kale hugeuzwa darasa au ghala, na wazee hunung'unika. Je, ni kufuru? Sheria ya Kanisa yamruhusu Askofu kulitoa kwa kazi ya kidunia isiyo ya aibu.

Itazameni Sainte-Chapelle ya Paris. Mfalme Mtakatifu Ludoviko aliijengea Taji la Miiba, ikatabarukiwa mwaka 1248. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa ikajazwa hati za mahakama, tangu 1803 hadi 1837. Hata sehemu ya vioo vyake vya rangi ikang'olewa. Yasikitisha, naam. Lakini karatasi hazitaki mvua, na jengo likasimama mpaka likatengenezwa. Kanisa kubwa la Cluny halikupata hata kazi hiyo. Liliuzwa mwaka 1798, likabomolewa lichukuliwe mawe.