Cheti cha Dhamiri: Uchaguzi wa Gavana wa Connecticut, 1817

Aprili 1817, wapiga kura wa jimbo la Connecticut, Marekani, walimwangusha gavana wao, John Cotton Smith, wakamchagua Oliver Wolcott, aliyewahi kuwa waziri wa fedha wa taifa. Kura zilizowatenganisha zilikuwa chache, lakini swali lililobishaniwa lilikuwa zito: je, serikali ina mamlaka juu ya imani ya mtu?

Connecticut ilikuwa bado inatawaliwa kwa hati ya mwaka 1662 ya Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza, na kanisa la Wakongregeshonali liliendeshwa kwa kodi. Katiba ya taifa ililikataza Bunge la taifa tu kuanzisha dini ya serikali, majimbo hayakuguswa. Mbaptisti au Mmethodisti alisamehewa kodi hiyo akiwasilisha cheti cha kuthibitisha kwamba anasali na kuchangia kwingine.

Watetezi wa utaratibu huo walisema jamii haiwi na maadili bila ibada, na ibada haisimami bila fedha. Asiyeafiki amekwisha kufunguliwa mlango. Hoja hiyo haikuwa ya kubezwa. Udhaifu wake ulikuwa ndani ya cheti chenyewe, kwani anayeomba asamehewe amekiri kwamba anayemsamehe alikuwa na haki ya kumtoza. John Leland, mhubiri wa Kibaptisti, aliliona hilo mapema. Katika kijitabu kilichochapishwa New London mwaka 1791 alishikilia kwamba dhamiri ni baina ya mtu na Mungu wake, wala haikabidhiwi kwa serikali. Alikuwa sahihi: kinachotolewa kwa hisani hunyang'anywa hisani ikiisha.

Waliomchagua Wolcott, naye mwenyewe Mkongregeshonali, walijiita Chama cha Uvumilivu. Jina hilo lilikuwa dogo kuliko walichokipata. Katiba mpya, iliyopitishwa Oktoba 1818, iliamuru kwamba mtu asilazimishwe na sheria kujiunga na kanisa wala kuligharimia. Mchungaji Lyman Beecher wa Litchfield, aliyeupigania utaratibu wa zamani na kusononeka uliposhindwa, baadaye alikiri kwamba jimbo halijawahi kupata jambo jema kuliko hilo, kwa kuwa makanisa yalijifunza kusimama yenyewe.

Hata hivyo, usawa katika katiba hiyo ulitajwa kwa madhehebu ya Kikristo tu. Wayahudi wa Connecticut walisubiri hadi 1843 ndipo sheria ikawaruhusu kuunda jumuiya zao za ibada.