Likizo ya Mwanangu

Katika miaka ya 1970, nikiwa nimetoka chuo cha ualimu punde tu, gari la sinema lilifika kijijini kwetu huku Mbulu. Shuka jeupe likatundikwa, jenereta ikanguruma, tukaonyeshwa Fimbo ya Mnyonge, filamu ya Shirika la Filamu Tanzania. Kijana Yombayomba anaacha kijiji, anakwenda mjini kutafuta kazi, anaikosa, kisha anarudi kuishi katika kijiji cha ujamaa. Kesho yake niliwaeleza wanafunzi wangu kwamba huyo ndiye kijana mwenye busara.

Wiki hiyohiyo nilimkemea mmoja wao aliyeshindwa hesabu: "Usiposoma utarudi kuchunga ng'ombe wa baba yako!" Sikuona mgongano wowote. Mwalimu Nyerere alikuwa ameuona tangu 1967 alipoandika Elimu ya Kujitegemea. Nami niliisoma chuoni, nikafaulu mtihani wake!

Mwaka 2016 mwanangu wa pili, mwenye shahada, alishuka kwenye basi akiwa na begi dogo. Alikuwa ametafuta kazi Dar es Salaam miaka mitatu. Mama yake alichinja kuku. Mimi nilimwuliza, "Utakaa siku ngapi?" Akajibu, "Sijui, baba."

Majirani walipouliza niliwaambia yuko likizo. Nilisema hivyo sokoni, nikasema hivyo kanisani, na mara moja nikasema msibani yeye akiwa nyuma yangu. Usiku ule akaniuliza kwa upole, "Baba, likizo yangu inaisha lini?"

Ndugu msomaji, aibu ile ilikuwa ya nani? Yeye hakuiba wala hakudanganya mtu. Aliyedanganya ni mimi, mwalimu mkuu mstaafu, nikilinda jina langu kwa kumficha mtoto niliyemtuma mwenyewe aende. Wapo wanaosema kijana akipokelewa kirahisi atalemaa. Siwabishii sana, maana nimewaona waliolemaa. Lakini uongo wangu haukumfundisha kazi.

Kuna jambo ambalo sikuliwaza usiku ule wa sinema. Anayerudi huhitaji mahali, na ili apate mahali ni lazima mwingine asogee. Shamba langu ni ekari tatu, na kaka yake alikwisha kulipanda vitunguu saumu lote.

Tarehe 3 Desemba 2023 matope yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80. Vijana wengi wa huku walirudi kutoka mijini kutafuta ndugu zao, na sikusikia mzazi akiwauliza watakaa siku ngapi. Nililiwaza hilo muda mrefu. Kwa nini mauti yafute swali ambalo ukosefu wa kazi haukulifuta?

Nilimgawia mwanangu kipande cha kando ya kijito. Kaka yake hajaridhika hadi leo.